Mazishi ya Mchimba Vito

Brennick, Pennsylvania
Jumapili, Novemba

Emil, mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu nikitumaini kwamba waraka huu unakukuta salama, na kwamba jua la Tucson linayahurumia magoti yako kuliko baridi ya huku ilivyowahi kuyahurumia. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa umri wangu. Shinikizo la damu hupanda na kushuka, daktari hunikataza chumvi, nami humwitikia vizuri kisha narudi nyumbani kula kabichi yangu ya kuchachuka kama kawaida. Theluji ya kwanza imeanguka juzi. Baraza la mbele, ulilolitegemeza kwa nguzo ya muda ulipokuwa kijana, bado limeegemea nguzo ileile ya muda. Naituma barua hii kwa anwani iliyokuwa kwenye kadi yako ya mwisho ya Krismasi, nikiomba Mungu uwe hujahama.

Habari niliyo nayo ni nzito na sitaizungusha. Russell amefariki. Mwanangu, mpwa wako pekee, ametutoka mwezi uliopita kwa saratani ya koo, akiwa humu humu nyumbani, mchana, redio ikisoma matokeo ya mpira.

Nayaandika maneno hayo waziwazi kwa sababu huenda uliyaona kwenye mtandao ukadhani ni mzaha. Wengi walidhani hivyo. Hata padre wetu alinipigia simu akauliza, kwa sauti ya mtu anayepita juu ya barafu, kama safari hii ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli, Emil. Na jambo ninalolitaka kwako ni moja, nalitaja mapema ili usisome ukitafuta: nataka uje nyumbani. Nimebaki peke yangu, nawe ndiye ndugu niliyebaki naye. Sababu nyingine nitaifikia. Nivumilie nikianza mbali. Mwalimu wa kemia haanzi na jibu. Kwanza hupanga vyombo mezani, na mwalimu akistaafu hustaafu mshahara tu, kueleza hastaafu.

Watu wa rika letu walikuwa wakiniuliza Russell anafanya kazi gani, nami nilikuwa nikijibu kwamba anazika. Ulikuwa ukweli. Kule chini ya nyumba, mahali Mama alipokuwa akipanga chupa za matango, aliweka televisheni ya zamani na mashine za michezo ya video za utoto wake, na Duane, rafiki yake wa tangu shule, akasimama nyuma ya kamera. Kazi yao ilikuwa kutafuta michezo mibaya kuliko yote iliyowahi kuuzwa: zile kaseti ambazo nje zimechorwa simba na majoka, na ndani kuna kidude cha mraba kinachohangaika. Russell aliicheza mbele ya kamera, akiteseka, akifoka, akiitukana kwa ufasaha ambao sikuwahi kuuona kwenye insha zake za shule. Alivaa koti refu jeusi alilolinunua kwenye mnada wa kanisa, na kola ya kichungaji aliyoikata kutoka kwenye dumu la plastiki la maziwa. Alijiita Mchungaji Kutu. Mwisho wa kila kipindi waliandamana hadi uani, wakaizika kaseti kwenye tuta langu la nyanya, wakaisimamishia msalaba wa vijiti vya aiskrimu. Mfululizo wenyewe waliuita Mazishi ya Kaseti, wakaurusha mtandaoni.

Mimi niliingia kwa bahati. Nilikuwa nikipita uani na kapu la nguo, wao wanazika mchezo fulani wa mbio za mbwa, na Russell akasema, "Mama, hebu tulilie kidogo. Marehemu hana hata mtu wa kwao." Nikaenda nikatoa shela nyeusi ya Mama kwenye droo, nikajifunga, nikasimama juu ya kaburi la kile kipande cha plastiki, nikapiga ukunga. Duane alicheka mpaka kamera ikatikisika. Kuanzia hapo watazamaji hawakukubali mazishi bila Mjane, yaani mimi. Vijana walikuwa wakinisimamisha dukani, kando ya viazi, wakiniomba niwalilie, nami nikawalilia. Unajua nilivyofundisha miaka mingi nikiwa mtu wa kuogopwa. Kuchekewa na watoto kulinipendeza kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya walimu wenzangu.

Kuna kipindi kimoja nitakitaja kwa jina. Kilihusu mchezo uitwao Mchimba Vito. Russell aliukuta darini, kwenye sanduku la vitu vyake vya utotoni. Ulikuwa mchezo wa mchimbaji mwenye taa kichwani, anayeshuka mgodini kwa lifti kuokota vito vya rangi. Lifti yenyewe ilishuka taratibu mno hivi kwamba Russell aliinuka kitini, akaenda kukaanga yai, akala, akarudi, bado inashuka. Mchimbaji alikufa akigusa ukuta. Muziki alisema ni wa mbuzi aliyemeza filimbi. Na chini kabisa palikuwa na mlango usiofunguka. Aliugonga, aliurukia, aliukimbilia kwa kasi kutoka mbali, alirudi kuokota vito vyote akauletea, akageuza kishikio cha mashine huku na huku mpaka kikavunjika mkononi. Ndipo akavaa kola yake.

"Ndugu waombolezaji," alisema pale uani, "tumekusanyika kumsindikiza Mchimba Vito, ambaye tangu siku aliyozaliwa hakuwahi kuwa hai. Mnaniuliza nyuma ya ule mlango kuna nini. Nitawaambia. Kuna yule bwana aliyeutengeneza. Amejifungia humo kwa aibu, na hakuna haja ya kumfungulia."

Nami nikalia, Emil. Nikaanguka magotini na shela ya Mama, nikachota udongo kwa viganja viwili, nikamwaga. Kipindi kile kilitazamwa kuliko vyote walivyowahi kutengeneza. Mpaka leo kuna watu wanakata kipande changu tu, kile kilio, na kutumiana mtu anapofeli mtihani au timu inapofungwa.

Krismasi ya mwaka ule hukuja. Wala iliyofuata.

Sasa nikueleze mazishi ya mwanangu yalivyokuwa. Duane aliandika kwenye ukurasa wao, kwa maneno machache ya kiume, kwamba Russell amefariki na misa ni Alhamisi. Majibu yakaanza kumiminika, na karibu yote yalikuwa vicheko. Mmoja aliandika, "Hatimaye Mchungaji amekutana na gemu asiloweza kulizima." Mwingine aliuliza kama Mjane atakuwepo. Usiwahukumu. Miaka michache nyuma, siku ya wajinga, Russell alijizika mwenyewe kwenye tuta la nyanya hadi shingoni, akajisomea wasifu, akalalamika kwamba waombolezaji ni wachache na sandwichi ni kavu. Walizoea.

Kwa hiyo Alhamisi walikuja makaburini vijana wa kutosha kujaza basi, wamevaa makoti meusi na kola za dumu la maziwa, baadhi wamebeba misalaba ya vijiti vya aiskrimu. Walisimama nyuma ya watu wa parokia, wakisukumana kwa viwiko, wakitafuta kamera ilikofichwa. Padre alisoma. Jeneza likaanza kushuka. Nami nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi, lakini lile jeneza lilipopita usawa wa miguu yangu, kifua kilipasuka, nikalia.

Wakacheka, Emil. Kilikuwa kilio kilekile. Sina kingine. Walikijua kwa moyo, na mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Duane ndiye aliyewanyamazisha. Aligeuka tu wakamwona hana kamera, na uso wake ukiwa umeloa. Binti mmoja alivua kola yake ya plastiki, akaificha mfukoni kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Baadaye walipita mmojammoja kunipa mkono. Mwisho alikuja kijana mrefu mwenye chunusi, akasema, "Samahani, mama. Tulidhani mko kazini." Nikamwambia hata mimi nilitamani iwe hivyo.

Kwenye chakula cha baada ya mazishi, katika ukumbi wa kanisa, nilikuwekea kiti. Bi Petrosky, jirani yetu, alitaka kuweka mkoba wake hapo nikamkatalia. Nilikuwa na hasira nawe wakati huo ingawa sababu ya kutokuja kwako nilikuwa nimeshaijua. Moyo wa mtu si mizani ya maabara. Vitu viwili vinavyopingana hukaa humo bila kuyeyushana. Na kabla ya kuijua sababu hiyo, miaka yote ile, nilikuwa nimekutengenezea kesi nzima. Niliwaambia watu kwamba jangwa limemkausha Emil, kwamba mtu anayeondoka California bila kazi huona haya kwa waliobaki nyumbani, kwamba hampendi tena mtu yeyote. Nilipokuandikia kuhusu ugonjwa kwa anwani yako ya zamani na barua ikarudi haijafunguliwa, nilisema hapa mezani kwamba sina tena ndugu. Russell alinisikia. Akasema, kwa sauti ile aliyobaki nayo, "Usimzike mtu bila kumcheza mpaka mwisho, Mama. Hata mimi nina sheria zangu."

Hakuijua bado maana ya alichokisema. Wala mimi.

Ugonjwa ulianza kama mkwaruzo wa koo, na sote tulidhani ni kelele za kazi. Madaktari walituambia kufoka hakuleti saratani, ilikuja tu mahali ilipotaka. Kufikia kiangazi sauti ya Mchungaji Kutu ilikuwa imekwisha, na bila sauti hapakuwa na kipindi. Tulimshushia kitanda sebuleni, televisheni ikaletwa miguuni. Alikuwa mtu wa kuchoka haraka na kutulia kwa shida. Tangu mtoto, ukimpa bahasha anaichana kabla hujaiachia. Siku moja akamwambia Duane akafukue makaburi. Alisema anataka kuzicheza gemu zote upya, bila kamera na bila kutukana, kama mtu anayewatembelea aliowaudhi.

Duane alichimba tuta lote la nyanya. Kaseti nyingi zilikuwa zimekufa kweli safari hii. Mimi nilizisafisha kwenye meza ya jikoni, na nilifurahi kupata kazi inayolingana na elimu yangu. Unyevu wa udongo huifanya shaba ya ncha za kaseti iote ukoko wa kijani. Ukoko huo huondoka kwa kifutio cha penseli, kisha pamba yenye spiriti, kisha subira. Mchimba Vito ulikuwa umezikwa ndani ya mfuko wa mkate, sijui kwa nini, labda Duane alikuwa na njaa siku hiyo. Uliwaka mara ya kwanza.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Russell alikuwa amepewa dawa zake, nami niko karibu naye namenya viazi. Akamshusha mchimbaji kwa lifti, hakuokota kito hata kimoja, mikono haikuwa na nguvu ya kuzungukazunguka. Akamwelekeza moja kwa moja hadi kule chini, mbele ya ule mlango. Kisha dawa zikamchukua. Kishikio kikateleza kikalala juu ya blanketi, na mwanangu akalala, na mchimbaji akabaki amesimama mlangoni na taa yake.

Nilimenya viazi. Sikuwa natazama. Kilichonishtua ni ukimya, kwa sababu mbuzi aliyemeza filimbi alikuwa amenyamaza. Niliinua uso. Kioo chote cha televisheni kilikuwa kimeingia giza, umebaki mwanga wa ile taa peke yake. Nilidhani mashine imeharibika. Ndipo mlango ukasogea. Ukafunguka polepole, kwa mwendo wa ile lifti, na mtu akatoka ndani yake.

Hakuwa mkubwa kuliko ukucha wangu. Alitengenezwa kwa vile vijimraba, hana pua wala macho. Alishika ndoo ya chakula mkono wa kushoto. Na alitembea hatua mbili za haraka, kisha moja ya kuburuta. Mbili za haraka, kisha moja ya kuburuta.

Kisu kilinianguka. Sikuhitaji kuona jina, na jina halikuwepo. Uliwahi kuniambia kwamba kampuni zile za michezo, kama uliyoifanyia kazi California, hazikuandika majina ya mafundi kwenye kaseti, zikiogopa kunyang'anywa watu wao. Lakini nani mwingine duniani angeujua mwendo wa Tata, baba yetu, baada ya ule mguu kupondwa na kitoroli cha makaa? Nilikuwa nausikia kila jioni kabla hajafungua mlango wa jikoni. Wewe ulikuwa ukiikimbilia ile ndoo, kuona kama amekubakizia kipande cha keki.

Wawili wale walitembea pamoja hadi kwenye lifti. Ikapanda. Ilichukua muda mrefu sana, na kwa mara ya kwanza sikutaka iende haraka. Juu kabisa kioo kilijaa weupe mtupu, kama ule anaouona mtu anapotoka shimoni saa sita mchana. Kisha mchezo ukaanza upya, bila alama, bila pongezi.

Nilimwamsha Russell. Alidhani uzee umenipanda kichwani. Basi tukarudia. Alimshusha mchimbaji, akamsimamisha mlangoni, na nikamwambia aweke kishikio mezani asikiguse. Ilikuwa adhabu kwake. Vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya blanketi. Tukangoja. Na mlango ukafunguka tena.

Ndipo nikamweleza. Alijua babu yake alifia mgodini, lakini mengine sikuwahi kumwambia, kwa sababu nyumba yetu haikuwa na desturi ya kuyasema. Nilimweleza moto ulivyozuka chini, na gesi, na watu wazima wenye karatasi mikononi walivyokuja kutangaza kwamba hakuna anayeweza kuwa hai kule, na kwamba shimo litazibwa ili moto ukose hewa. Kama mwalimu naelewa hoja yao. Moto hula hewa, ukiunyima unakufa. Nilimweleza Mama alivyosimama kwenye lango la mgodi na shela yake nyeusi, na sauti aliyoitoa saruji ya kwanza ilipomwagwa. Na wewe ulikuwa mdogo wa kuvalishwa, umeshika uzio wa waya, ukirudia neno lilelile kwa kila aliyepita. Ulikuwa ukisema, "Hawajangoja. Hawajangoja vya kutosha." Tulizika jeneza lenye kofia yake ya Jumapili.

Nikiwa katikati ya kueleza, ikanijia ile Krismasi uliyorudi kutoka California. Kampuni imefungwa, huna kazi, una koti jepesi lisilofaa kwa huku. Russell alikuwa bado anatambaa. Ulimpa kaseti iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi, nami nikacheka, nikasema mtoto huyu hata kijiko hajui kushika. Ukasema, "Huu hautaki mkono, dada. Unataka subira." Nikadhani uliuokota kwenye kapu la bei ya kutupa, kama watu wote mwaka ule soko la michezo lilipoanguka. Ulinitazama kana kwamba unataka kuongeza neno. Kisha ukaomba kahawa, nami nikaipeleka kaseti darini.

Russell aliigeukia televisheni. Halafu akasema, kwa ule mnong'ono wake, "Mama, nimemzika babu mara ya pili. Na wewe ndiye uliyemlilia."

Hapo ndipo na mimi nilipojisikia nikilia, kwa masikio yako. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba kilio cha Mjane nilikitunga mwenyewe. Sikukitunga. Nilikiokota pale langoni. Ni sauti ya Mama, pumzi kwa pumzi, hata ule mkato wa mwishoni alipoishiwa hewa. Nilikuwa nimekibeba tangu utoto bila kujua nimekibeba, na siku waliponiomba nichekeshe, ndicho kilichotoka. Wewe ulikitambua mara moja, huko Tucson, mbele ya kioo chako. Ulisikia sauti ya Mama, ukaona shela ya Mama, udongo juu ya Tata, na mtoto wa dada yako akisema hakuna haja ya kumfungulia. Na watu wote wale wakicheka. Sikuulizi tena kwa nini hukuja.

Russell alitaka kukupigia simu. Namba yako ya zamani haiko hewani. Duane alikutafuta kila mahali anapojua kutafuta, akaishia kwenye duka la kutengeneza redio ambako walisema uliacha kazi. Russell hakutaka kutuma ujumbe wa kuandika. Alisema alikutukana kwa mdomo na mdomo ndio unaodaiwa. Sauti ilipokuwa inakaribia kwisha kabisa, alimwomba Duane alete kamera. Hakuvaa koti wala kola. Amevaa fulana, shingo yote imeachwa wazi, na wale walioizoea sura yake wangeshtuka. Kwenye video hiyo anamshusha mchimbaji hadi mlangoni, anaweka kishikio mezani, anakunja mikono. Sehemu kubwa ni kungoja tu. Unasikia saa ya ukutani, na mimi nikikohoa jikoni. Mlango unafunguka, Tata anatoka, wanapanda. Ndipo Russell anaigeukia kamera.

"Mjomba Emil," anasema, "mlango wako unafunguka. Mkono wangu ndio ulikuwa na haraka."

Basi. Hakuna zaidi. Duane angependa dunia nzima iione, kwa ajili ya Russell na kwa ajili yako, maana hakuna mtu mwingine anayejua kwamba ule mlango una kitu nyuma yake. Russell alikataa. Alisema mgodi si wake wala Tata si wake kumtoa nje; ni wewe utakayesema, na ukisema ifutwe, Duane ataifuta mbele ya macho yako. Kile kipindi cha zamani tumekiondoa, lakini nakala zake zimeshasambaa kama magugu, na sitakudanganya kwamba zitakwisha.

Tumemlaza Russell kando ya kaburi la kofia. Nafasi iliyobaki ni yangu. Nakwambia hivyo ili ujue hali ya mambo, sitaki unihurumie kwayo.

Siku ile langoni mimi ndiye niliyekubandua vidole kwenye uzio. Mama hakuweza kusogea, baridi ilikuwa kali, nikakushika mkono nikasema twende nyumbani, Emil, imekwisha. Nilidhani nakuokoa na ubaridi, na pengine nilikuokoa. Lakini wewe ulikwenda ukatengeneza mahali ambapo mtu anaweza kungoja mpaka mwisho, ukaniletea nyumbani, nami nikapaweka darini. Sasa na mimi najifunza kungoja. Sijui nitangoja mpaka lini, kwa umri huu mtu hapangi. Njoo kabla barabara za milimani hazijafungwa na theluji, au baada yake, au wakati wowote. Mlango wa jikoni haujafungwa kwa ufunguo, kama zamani.

Duane anakusalimu, na anasema ana maswali ya kiufundi ya kukuuliza, ila atasubiri unywe kahawa kwanza. Bi Petrosky naye anakusalimu. Bado anadai wewe ndiye uliyevunja dirisha lake. Ukiwa na jirani huko anayekujali, msalimie kwa niaba yangu, umwambie asante. Funika magoti. Mungu akulinde njiani na popote ulipo.

Mchimba Vito uko ndani ya mashine, na mashine nimeiacha ikiwaka. Mchimbaji amesimama mbele ya mlango. Kishikio kiko juu ya meza, na hakuna anayekigusa.

Ni mimi dada yako,
Dolores